Kwa nini mbeleko hulegea baada ya nusu saa? Pamba, kitani, hariri, sufu, au ni ufungaji?

#1 KitaniNaPamba
Salaam wapendwa. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja.

Mbeleko ikilegea na mtoto akaanza kuteremka kuelekea makalio, lawama zote hupewa mama: "hajui kufunga". Mimi nasema kitambaa ndicho kinachoanza kukosea. Kila uzi una kiasi chake cha kuvutika kabla haujakatika: kitani asilimia 2 au 3, pamba karibu 7, hariri karibu 20, sufu 25 mpaka 35. Kwa hesabu hiyo mbeleko ya pamba 60 na kitani 40 itashika kuliko pamba tupu, na yenye sufu italegea kuliko zote.

Nazungumzia hasa zile za kufumwa za Ulaya, mita 4.6 au 5.2 kwa urefu na sm 60 mpaka 75 kwa upana. Siku hizi ukichambua mitumba Gikomba au Karume unaweza kuzikuta zimechanganywa na mashuka na mapazia. Kanga na kitenge navyo viingie kwenye mjadala.

Swali: kwa mtoto wa kilo 8 mpaka 10, mchanganyiko gani haulegei ndani ya nusu saa?

#2 FundiMkwakwani
Mkuu #1, namba zako ni za uzi kuvutwa mpaka ukatike. Mtoto wa kilo 9 hakati uzi. Chukua kitambaa cha upana wa sm 70 chenye nyuzi 20 za mtande kwa kila sentimita. Hizo ni nyuzi 1,400. Gawa kilo 9 humo, kila uzi unabeba gramu 6 na ushei. Zidisha hata mara tatu kwa ajili ya mkazo wa kufunga, bado hujafika popote karibu na asilimia zako.

La pili: lebo inakwambia kuna kitani asilimia 40, haikwambii kimekaa wapi. Wafumaji wengi wa mbeleko huweka pamba kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu, halafu kitani, hariri au sufu kwenye mshindio, nyuzi zinazokatiza upana. Mkazo wa mbeleko unakwenda kwa urefu. Ukinunua "pamba na kitani" ya namna hiyo, kinachovutwa kwa urefu ni pamba ileile.

#3 LesoYaMvita
Nduzangu, mnahesabu nyuzi na mwana yuko mgongoni analia.

Leso mpya hulegea kwa sababu ya dondo la kiwandani, ule wanga wa kukazia kitambaa. Ukiifunga ni ngumu kama karatasi, mwili ukipata joto na jasho dondo hulainika, kitambaa kinakaa upya, na ile nafasi uliyodhani umeikaza inafunguka. Loweka usiku kucha kwa maji baridi, fua, anika, rudia mara tatu. Maji yakiacha kuteleza kama uji mwembamba, dondo limetoka. Ndipo ubebee.

Na blauzi! Leso juu ya blauzi ya nailoni au poliesta itateleza hata ufunge mafundo kumi. Vaa pamba.

#4 Nyuzi40
#2 kasema kweli kuhusu mtande, ila kasahau msuko. Hapo ndipo kanga na mbeleko ya kufumwa zinapoachana.

Kanga ni msuko sahili: uzi mmoja juu, mmoja chini. Mbeleko nyingi za Ulaya ni msuko wa drili, uleule wa jinzi na magwanda, ila mistari yake huvunjwa na kugeuzwa iwe misalaba au almasi ili kitambaa kisivutike upande mmoja. Shika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, uvute. Drili inakubali kidogo kisha inarudi. Halafu vuta kwa urefu, haitakiwi kutoa kitu. Huo mshazari ndio unaomkumbatia mtoto kwenye makalio na mgongo. Kitambaa kisichokuwa nao humshika mtoto kama ubao, na akijitikisa kinaachana na mwili wake badala ya kumfuata.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: msuko kwanza, mchanganyiko baadaye.

#5 MamaPacha
Kabla hatujaenda mbali, pimeni uzito wa kitambaa. Hatuwezi kulinganisha kitani chepesi na pamba nzito halafu tuseme kitani kimeshinda.

Weka mbeleko kwenye mizani ya jikoni. Urefu mara upana kwa mita, gawa gramu kwa jibu. Mfano: mita 4.6 kwa 0.70 ni mita za mraba 3.2. Mbeleko ya gramu 960 itakuwa gramu 240 kwa mita ya mraba. Chini ya 220 ni nyepesi, 220 hadi 280 ya kati, zaidi ya hapo nzito.

#6 FundiMkwakwani
@MamaPacha 960 gawa kwa 3.2 ni 300, si 240. Umeiweka nzito kwenye kundi la kati.

#7 MamaPacha
Kweli, 300. Asante. Kanuni inabaki.

Mpime na kanga kwa njia hiyohiyo. Kanga ya mita 1.5 kwa 1.1 ni mita za mraba 1.65, ikiwa na gramu 200 ni kama 121 tu. Ndiyo maana mtoto mzito akibebwa kwa kanga moja, ukingo unajikunja kuwa kamba na kukata kwapani.

#8 Mkunga_Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja mtoto.

Mtoto akiwa macho hujishika: anashikilia blauzi, anakaza mgongo, anabana kwa mapaja. Akisinzia, misuli yote inalegea na mwili unashuka vidole viwili au vitatu ndani ya kitambaa kilekile. Kitambaa hakijavutika hata chembe. Mara nyingi hiyo nusu saa yenu ni muda tu wa mtoto kulala.

Dawa yake: akishalala, simama wima, mpandishe kwa kuinama kidogo na kuruka nusu ruko, kisha kaza upya kuanzia upindo wa juu. Kumfunga kwa nguvu zaidi tangu mwanzo siyo dawa.

Na yale ya lazima, kwa kitambaa chochote. Mtoto akiwa kifuani, uso wake uonekane ukiinamisha macho, bila kufunua kitambaa. Kidevu kisigandamane na kifua chake, vidole viwili vipite katikati. Kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu. Magoti yawe juu kuliko makalio na mapaja yatanuke, kitambaa kitoke nyuma ya goti moja mpaka la pili. Mkao huo wa magoti ndio unaopendekezwa hata na taasisi ya nyonga za watoto ya kimataifa, International Hip Dysplasia Institute, na bibi zetu wamekuwa wakiubeba mgongoni bila kuupa jina.

#9 KitaniNaPamba
@Mkunga_Mstaafu shikamoo bibi, nimepokea. Ila mtoto kulala hakuelezi kwa nini mama yuleyule na mtoto yuleyule, kitambaa A kinashuka vidole viwili na kitambaa B kinashuka kiganja kizima.

@FundiMkwakwani nakubali kosa la mtande. Basi nielezeni: mtu atajuaje kitani kiko upande gani?

#10 Nyuzi40
@KitaniNaPamba angalia rangi kwanza. Kitani kisichotiwa rangi huwa na kahawia ya mchanga, na nyuzi zake zina vinundu, pengine nene pengine nyembamba. Tumia sindano kunyanyua uzi mmoja mmoja karibu na upindo, bila kuukata. Ukiona vinundu kwenye nyuzi zinazokatiza upana, ni mshindio. Zipo pia zenye kitani pande zote mbili. Hizo zikiwa mpya ni ngumu kama gunia na zinahitaji subira.

#11 KobeMpole
Samahanini wataalamu. Hiyo kitani ndiyo katani? Kama ni katani ya mkonge ya Tanga, mtoto atatoka na mikwaruzo.

#12 FundiMkwakwani
@KobeMpole hapana, na ni vyema umeuliza, kwa sababu hata wauzaji huchanganya. Katani ni nyuzi za mkonge, za kamba na magunia. Kitani hutoka kwenye bua la mmea mwingine kabisa, laini, ndio uliofuma mashuka na mashati ya joto tangu zamani. Na ukiona mtu kaandika "mbeleko ya sufi" ujue kakosea herufi: sufi inatoka mtini na huwekwa kwenye mito, sufu inatoka kwa kondoo.

#13 LesoYaMvita
Nyie wa Mkwakwani, Tanga, mkonge mmeuzoea, hamwezi kupita bila kuutaja 😄

#14 Makete_Baridi
Natetea sufu, maana #1 kaihukumu kwa namba ya kukatika.

Sufu huvutika, kweli, lakini hurudi. Huo ndio uzuri wake. Mtoto akishuka kidogo inamfuata, akijinyoosha inampa nafasi, haiachi pengo. Pamba na kitani kikishapata pengo, limebaki. Kwa uzoefu wa huku nyanda za juu, mbeleko yenye sufu asilimia 20 au 30 humbeba mtoto wa kilo 12 bila bega kulia.

Ubaya wake ni kufua. Uzi wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto, kusugua na sabuni kali huyafanya yashikane, kitambaa kinakuwa blanketi gumu na hakirudi tena. Na kwa kuwa sufu iko kwenye mshindio, upana ndio unaosinyaa, urefu unabaki, kitambaa kizima kinajikunja mawimbi. Basi: maji ya nyuzijoto 30 au baridi, sabuni ya maji isiyo na vimeng'enya (sabuni nyingi za unga zinavyo, na vimeng'enya vya kula madoa ya damu na maziwa hula sufu na hariri vilevile), kandamiza tu, usikamue. Viringisha ndani ya taulo unyonye maji, kisha tandaza pabapa kivulini. Ukianika kwenye kamba, uzito wa maji unaivuta.

#15 BintiPangani
Sufu Makete sawa. Dar mwezi wa pili je? Kila tabaka la mbeleko lihesabuni kuwa nguo moja. Ufungaji wa kifuani wenye mikanda miwili inayopishana juu ya kipande cha kati unampa mtoto matabaka matatu. Ukiongeza sweta, umemchemsha. Pwani tabaka moja linatosha, na mtoto abaki na fulana na nepi. Mguse shingoni nyuma: ikiwa ya moto na ina jasho, punguza.

Kwa joto kitani hakina mpinzani, maana kinanyonya jasho na kukauka upesi. Hilo halihusiani na kulegea, lakini mtoto aliyepoa hajitikisi, na asiyejitikisa halegezi mbeleko.

#16 DadaWaOslo
Nyongeza kuhusu zile zilizoandikwa "mwanzi". Si nyuzi za mwanzi. Mti umesagwa na kuyeyushwa kwa kemikali, kisha ukatolewa kuwa viskozi. Laini sana, baridi mwilini, unang'aa. Lakini viskozi ikilowa hupoteza nguvu nyingi, karibu nusu, na huvutika. Pamba na kitani ni kinyume, vikilowa vinaongezeka nguvu. Kwa hiyo jasho la mgongoni juu ya mbeleko ya mwanzi asilimia 50 ni sababu mojawapo ya kulegea, na hapo #1 ana haki: mchanganyiko una sauti.

Hariri iko katikati. Nyembamba na imara ikiwa kavu, ikilowa inapungua kidogo. Jua kali na chumvi ya jasho vinaila polepole. Suuza kwa maji matupu mara jasho linapoingia, usisubiri siku ya kufua.

Tena kuna zile za kuvutika, zilizofumwa kwa vitanzi kama fulana. Hizo zisitumike mgongoni kabisa. Mtoto akijisukuma nyuma, kitambaa kinamfuata mpaka anatoka. Kifuani tu, na kwa watoto wadogo.

#17 FundiMkwakwani
@DadaWaOslo sawa, ila jasho huongeza pia msuguano. Pamba yenye unyevu inang'ang'ania mwili kuliko kavu. Jaribu kuvua fulana iliyolowa.

#18 DadaWaOslo
Pamba ndiyo. Nilisema viskozi.

#19 KikwembeLushi
Jambo ba mama na ba tata. Huku Lubumbashi tunabebaka mtoto na kikwembe. Kikwembe ya yadi sita tunaikataka mara tatu, yadi mbili mbili, moja ni ya kubebea. Mupya inatelezaka kabisa, ile yenye imesha kufuliwa mingi ndiyo inashikaka. Naunga mukono mama wa Mombasa #3, ni ile dawa ya kiwanda yenye iko ndani.

#20 LesoYaMvita
@KikwembeLushi asante sana. Na hizo yadi mbili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Yadi 2 ni sm 183. Leso ni sm 150. Mama mwenye kifua cha sm 105, mwana akamuongezea sm 30 hivi, inabaki sm 15 za fundo. Fundo la namna hiyo ni ncha kwa ncha, litafunguka. Wanene na wenye watoto wakubwa wachukue kitenge cha yadi 2 na nusu, na wafue kwanza ndipo wakate. Kitenge kikipungua asilimia 5 tu, yadi 2 zinakuwa zimepoteza sm 9.

Nieleze na ufungaji wenyewe, maana wengine wanausoma uzi huu kutoka mbali na hakuna bibi jirani. Mtoto awe ameshakaza shingo. Inama mpaka mgongo uwe kama meza, kitanda kiwe nyuma yako. Mwana alale kifudifudi mgongoni, kichwa chini kidogo ya shingo yako, miguu imekumbatia kiuno. Tandaza leso juu yake, upindo wa juu ufike makwapani kwake, au mabegani akiwa mdogo. Pitisha ncha chini ya makwapa yako. Sasa vuta upindo wa juu PEKE YAKE mpaka ukaze, uuviringe mara moja kuelekea ndani, ufunge juu ya matiti. Bado umeinama. Kisha kusanya kitambaa cha chini, kipite chini ya makalio yake toka goti hadi goti, vuta mbele, funga au chomeka kiunoni. Simama polepole. Upindo wa juu unazuia asianguke nyuma, wa chini unabeba uzito. Wanaolegea wengi wamefunga wa chini vizuri na wa juu wameuacha.

#21 Mkunga_Mstaafu
Hapo LesoYaMvita umenena, ila "juu ya matiti" iwe juu kweli, kwenye mfupa wa kifua. Mama anayenyonyesha akifunga fundo katikati ya ziwa, mirija inabanwa, na jioni titi limevimba lina kinundu chenye maumivu. Asiyeweza juu apitishe ncha moja begani na nyingine chini ya kwapa, kama lubega, fundo likae mbele ya bega.

#22 KobeMpole
Fundo gani lakini? Naona kila mtu anasema "funga".

#23 Nyuzi40
Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili fundo linakaa limepinda na linateleza taratibu chini ya uzito. Kwa kitambaa cha kuteleza kama hariri au mwanzi, ongeza la tatu. Kwa kitani mawili yanatosha, maana kinajiuma chenyewe.

#24 MamaPacha
Narudi kwa zile ndefu. Hapa tatizo la kulegea lina jina moja tu kwangu: nafasi iliyofichwa. Watu wanashika ncha mbili na kuvuta kwa nguvu. Kinachokazwa ni kingo, katikati bado kuna kitambaa kilicholala tu. Mtoto akijitikisa, kile kilicholala kinasafiri mpaka kwenye fundo.

Kaza ukanda kwa ukanda. Gawa upana katika mafungu manne au matano ya upana wa kiganja. Vuta upindo wa juu kwanza, ufuate ulivyozunguka mgongoni mpaka mkononi mwako, kisha fungu linalofuata, mpaka upindo wa chini. Rudi juu tena. Kipimo: upindo wa juu ubanwe kwa vidole, usinyanyuke zaidi ya unene wa kiganja.

Na hapa mchanganyiko unaingia kwa mlango mwingine: kitambaa cha kung'ang'ania (kitani kibichi, sufu nene) hakikubali kuvutwa ukanda kwa ukanda, kinagoma njiani, ukidhani umekaza kumbe umekwama begani. Cha kuteleza kinakubali upesi na kinaachia upesi. Sasa chagua ugonjwa.

#25 KitaniNaPamba
Kwa hiyo kitambaa kina lawama, ila kwa njia ya msuguano na si kuvutika. Hoja yangu imebadilika umbo, haijafa.

#26 FundiMkwakwani
Umeihamisha nyumba ukaita ileile 😀

#27 BintiPangani
Kitani kibichi kinalainishwa vipi bila kukiharibu? Nasikia wengine wanakipiga mawe.

#28 DadaWaOslo
Mawe hapana. Fua mara mbili tatu, piga pasi kikiwa bado na unyevu, kisukwe kama nywele uache usiku, kitumiwe hata kulalia. Kikivutwa mara nyingi kupitia pete mbili za mbeleko ya pete (ile inayokazwa kwa pete begani badala ya fundo) kinalainika haraka zaidi. Usipige pasi juu ya kunjo kali, wala usikihifadhi kimekunjwa mstari uleule kila siku. Kitani kinavunjika kwenye kunjo, na mstari ule mweupe ukishatokea ni jeraha la kudumu.

Za pete: tumia pete za alumini nzima zisizo na kiungo cha kulehemu. Pete za mikoba na za mapazia zinafunguka.

#29 LesoYaMvita
Na rangi? Leso mpya inachuja mpaka inampaka mwana. Loweka kwa chumvi na siki, rangi inashika.

#30 FundiMkwakwani
Chumvi husaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi. Kitambaa kikishatoka kiwandani haifungi kitu. Kinachochuja ni rangi ya ziada iliyobaki juu, suuza mpaka maji yawe meupe.

#31 LesoYaMvita
Tangu lini? Leso zote Mtaa wa Biashara watu wanaondoka nazo na neno hilohilo: chumvi.

#32 KikwembeLushi
Huku pia ni chumvi.

#33 FundiMkwakwani
Wengi kusema hakufanyi chumvi iwe gundi. Maji yale mliyolowekea usiku kucha ndiyo yaliyofanya kazi.

#34 KobeMpole
Niko na swali la mtumba. Nimeshika kitambaa, lebo imekatwa. Nitajuaje kama ni poliesta?

#35 Nyuzi40
Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, ushike kwa kibanio juu ya sahani, washa kibiriti. Pamba na kitani: unawaka kama karatasi, majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri: harufu ya nywele iliyoungua, moto unazimika ukiondoa kibiriti. Poliesta: unayeyuka, moshi mweusi, unaacha kitone kigumu.

#36 MamaPacha
Ila jaribu nyuzi za mtande NA za mshindio, kila moja peke yake, kwa sababu ile tuliyosema juu. Na pamba iliyochanganywa na poliesta ndani ya uzi mmoja itakudanganya: inawaka kama karatasi, halafu kwenye majivu vidole vinakuta chembe ngumu. Jaribio la tone la maji lisikudanganye pia, pamba mpya yenye dondo nayo hukataa maji.

Kisha kishike kitambaa kizima dhidi ya mwanga wa dirisha. Tafuta nyuzi zilizokatika, sehemu zilizopauka kwa jua, matundu ya nondo kwenye sufu, mshono wowote katikati. Palipoungwa katikati hapabebi mtoto.

#37 BintiPangani
Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5.5. Mtu akikipasua katikati kwa urefu anapata mbeleko mbili ndefu za sm 57 hivi. Kuna ubaya?

#38 FundiMkwakwani
Upande mmoja una ukingo wa kiwandani, mwingine utafumuka, kwa hiyo kunja nusu sentimita mara mbili, shona mstari mmoja. Kinabeba. Ila ni msuko sahili na ni chepesi, kitakata bega mtoto akipita kilo 7 au 8. Tandaza kitambaa mpaka kifunike bega lote, kisikae kama kamba. Afadhali upate marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) nzito au drili nyepesi ya pamba.

#39 Makete_Baridi
Na msiseme tena "mbeleko za Ulaya" kana kwamba zilizaliwa huko. Erika Hoffmann wa Ujerumani alianza kuziuza mwaka 1972 kwa jina la Didymos, maana yake pacha kwa Kigiriki, naye alikuwa na mapacha. Kitambaa alichoanza nacho kilikuwa rebozo, shali ya Meksiko.

#40 KitaniNaPamba
Shukrani @Makete_Baridi, nasahihisha.

Napendekeza jaribio tulimalize. Funga kama kawaida. Kwa chaki, weka alama mahali ncha zote mbili zinapoingia kwenye fundo, na alama nyingine pale upindo wa juu unapokatiza mshono wa bega la blauzi yako. Pima kutoka kwenye fundo hadi kisogo cha mtoto. Baada ya nusu saa tazama. Alama ya fundo ikitoka nje, fundo limeteleza. Ya fundo ikibaki na ya begani ikihama, ni nafasi iliyofichwa. Zote zikibaki na mtoto ameshuka, ni kitambaa kimevutika, au ni usingizi wa bibi #8.

#41 Mkunga_Mstaafu
Andikeni pia alilala dakika ya ngapi. Bila hiyo jaribio halina maana.

#42 MamaPacha
Pamba tupu, msuko wa drili, gramu 250 kwa mita ya mraba, mtoto kilo 9. Alilala dakika ya 12. Fundo halikusogea, begani imehama sm 3, kashuka sm 4.

#43 DadaWaOslo
Pamba 70 na mwanzi 30, 230, mtoto kilo 9 na nusu, hakulala kabisa. Fundo halikusogea, begani haikusogea, kashuka sm 5.

#44 KitaniNaPamba
Hakulala, alama hazikusogea, na kashuka! Bibi #8 na Fundi #2 wanasemaje?

#45 FundiMkwakwani
Nasema blauzi aliyovaa ni ya kitambaa gani? Kama blauzi imeteleza pamoja na mbeleko, alama ya begani isingeonyesha chochote. Rudieni, alama iwekwe kwenye ngozi.